Petroli ya Upande Ule

Gari letu dogo la mizigo lilizimika Jumanne asubuhi, kwenye barabara ya lami kati ya Kashikishi na boma la Nchelenge, hapa Zambia. Aliyekuwa kwenye usukani ni dada yangu mkubwa, na aliyemimina mafuta kwenye tangi ni yeye pia. Lakini kosa lilikuwa langu. Nitaeleza polepole, kwa sababu hata mimi ilinichukua nusu siku kulielewa.

Kwanza niseme kwa nini dada alikuwa anaendesha. Macho yangu yameanza kuingia ukungu. Mchana, kwenye njia fupi, bado naona, lakini kliniki waliniambia niachane na barabara ndefu ya Mansa. Na Mansa ndiko tunakopeleka samaki wetu. Nyumbani watu wazima ni wawili tu, mimi na dada, kwa hiyo ikabidi yeye ajifunze. Alijifunza miezi mitano, herufi L imebandikwa mbele na nyuma, mimi nimeketi kando yake. Mkaguzi wa leseni hutoka Mansa, na hafiki kila wiki. Safari hii ilitangazwa kwamba atafika Alhamisi. Ambaye angekosa siku hiyo angesubiri miezi mingine, na kwa hali ya macho yangu, gari lingekaa uwanjani likilaliwa na kuku.

Jumanne hiyo tulikuwa tumetoka kufanya mazoezi ya mwisho. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Tulipopita soko likaanza kukohoa, likatoa moshi mweupe, injini ikagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, kisha kimya. Basi dogo lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu.

“Weka breki ya mukono, yaya,” nikamwambia, kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu. “Hakuna shida.”

Mtu mmoja aliyepita na baiskeli, kapu la samaki nyuma yake, akapunguza mwendo ili atucheke vizuri.

“Mama, unapika nini mule ndani? Inanuka sawa taa!”

Dada alishika usukani kwa mikono miwili. Mimi maneno yake yalinibaki. Wasukuma mikokoteni watatu walitusaidia kusukuma gari mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikinusa. Yule mtu alisema kweli. Gari lilinuka kama taa ya chemni.

Tulipofika nilifungua mfuniko wa tangi, nikachovya kijiti, nikasugua yale mafuta kati ya vidole viwili. Hiki ni kipimo ambacho yeyote anaweza kukifanya. Mafuta ya gari hili hukauka upesi na kuacha ngozi baridi. Mafuta ya taa hubaki, yanateleza, yananuka mpaka unawe kwa sabuni. Vidole vyangu viliteleza.

“Yaya, ulinunua nini jana?”

“Kile ulisema. Petroli.”

“Kwa nani?”

“Kwa ule mama wa kwetu, wa pale wavuvi wanashukiaga. Bido mbili. Unaniuliza sawa polisi?”

Hapo ndipo nilikaa chini.

Wasomaji waliokulia Lubumbashi, Pweto au Kilwa wameshaelewa. Kwa wengine nieleze. Upande ule wa ziwa, ng'ambo ya mpaka, tulikozaliwa, mafuta ya gari huitwa esanse. Petroli ni mafuta ya taa, yale ambayo mama zetu walikuwa wakinunua kwa chupa. Upande huu wa Zambia ni kinyume chake: petroli, au petulo kama Wabemba wanavyotamka, ndiyo ya gari, na mafuta ya taa huitwa palafini. Mimi nilivuka zamani, nikapita kambi ya Kenani na wakimbizi wa kwanza, na kwa miaka hiyo yote ya kununua mafuta kwa Wazambia ulimi wangu ulihama pole pole bila kuniaga. Dada hajamaliza mwaka tangu avuke. Nilipomwambia Jumatatu, “Nenda ukanunue petroli ya mutuka litre kumi,” yaani ya gari, yeye alisikia neno la kwetu kwa maana ya kwetu. Akadhani gari hili kuukuu linakunywa kitu hicho. Mpaka siku hiyo mafuta nilikuwa nimenunua mimi mwenyewe, na sikuwahi kumweleza. Nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na moja, nikajua kueleza sehemu za ua na mito ya Afrika, lakini sikueleza hilo.

Nilimwambia yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa funguo ndani ya fundo la kitenge akaziweka juu ya goti langu.

“Kamata funguo yako. Miye si mutu wa mutuka.”

“Yaya, kosa ni yangu. Niliongea sawa Muzambia.”

“Usinisemeshe na ile sauti yako ya darasa. Niko mukubwa yako. Nimeua gari siku mbili mbele ya mutihani. Watu wote ba soko waliniona.” Akaenda kuwageuza samaki wake kwenye kichanja cha kukaushia, na alivyowageuza mtu angedhani wamemkosea.

Sikumfuata. Mtoto aliyekosea hesabu mbele ya darasa usimfuate mara moja, mwache kwanza ashike kitu kingine mkononi. Baada ya saa moja nikamwambia nakwenda kumwona yule mama muuzaji, na kwamba ningependa twende wote, kwa sababu mimi ningeeleza vibaya. Alinitazama kwa mashaka, lakini alifunga kitenge chake tukaenda.

Mama muuzaji alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi kando ya madumu yake, yale tunayoita bido, anachagua maharagwe. Nilipoeleza, hakungoja nimalize.

“Aliomba petroli, nilimupa petroli. Ulitaka nimupe nini, maji ya baraka?”

“Hapana, mama, hukukosea.”

“Nitakosea namna gani? Wavuvi sasa beko na taa za batri. Ile petroli ilikaa hapa mwaka muzima, hakuna mutu anaigusa. Mama huyu akakuya, akabeba bido mbili na tabasamu. Nilisema Mungu amenikumbuka!” Kisha akamgeukia dada. “We mama, ungeenda kwa Muzambia na ile neno, angekupa esanse. Unaona? Ulikuya kwa mutu wa kwenu, tukasikilizana muzuri sana. Njo shida ilitoka pale.”

Dada alimtazama. Nikaona midomo yake inakaza, kisha ikashindwa. Akacheka mpaka akashika mkono wa yule mama, na yule mama naye akacheka, maharagwe yakamwagika. Na kweli ilikuwa hivyo. Tulikuwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa ametumia neno lake sawasawa.

Lakini kucheka si kurudi kwenye usukani. Njiani dada alirudia kwamba gari nitengeneze tu, ila Alhamisi haendi. Nikamwambia sawa, ila kutengeneza siwezi peke yangu, kwa sababu ya macho. Haikuwa hila. Vitu vya karibu ndivyo vinavyonishinda zaidi, na kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya vitu vidogo vya karibu.

Mafuta ya taa hayaui injini ya namna hii. Nawaambia hili wale ambao yamewapata na wameshika kichwa. Gari letu ni la zamani, lina kabureta, halina kompyuta ya kukasirika. Lililotokea ni kwamba lilikwenda kwa esanse iliyokuwa imebaki kwenye kabureta na mipira ya kupitishia mafuta, na yale mazito yalipofika hayakuwaka vizuri, yakalowesha na kuchafua plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwashia mafuta. Zaidi ya hapo, madumu yaliyokaa mwaka mzima yalikuwa na kutu na tope chini, na tope lile sasa lilikuwa ndani ya chujio. Kwa hiyo kazi ni hii: kumwaga tangi, kubadilisha chujio, kubadilisha plagi nne.

Dukani Kashikishi niliomba plagi nne na filta ya mafuta. Dada akanivuta mkono.

“Na buji je? Kwetu fundi anabadilishaka buji.”

“Plagi njo buji, yaya.”

“Ah! Na buji ya kanisa banaitaka nini huku?”

“Kandulo,” nikamjibu, maana kwetu mshumaa nao ni buji.

“Basi kila kitu kikivuka maji kinabatizwa tena,” akasema, na muuza duka, Mbemba asiyejua Kiswahili zaidi ya kuhesabu samaki, akacheka kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka.

Jumatano baada ya chai tulianza. Niliomba majirani wahamishe mbabula zao, yale majiko ya makaa, mbali na uwanja wetu, na hapo sikubali mzaha hata kidogo. Nikachomoa waya wa betri ulio kwenye alama ya kutoa. Tukafungua nati iliyo chini ya tangi, tukakinga karai, na yale mafuta yakatoka, ya rangi ya chai nyepesi, na chini ya karai tope likatulia. Dada alilitazama muda mrefu.

“Uchafu huu wote nilimwagia mule?”

“Nusu ilikuwemo tangu zamani. Tangi la zamani halikosi uchafu wake.”

Chujio la gari hili ni kikopo kidogo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kiko kwenye mpira unaopeleka mafuta kwa kabureta. La kwetu lilikuwa limegeuka rangi ya matope. Nilimwonyesha jinsi ya kulegeza vibanio viwili kwa koleo, kuvisogeza nyuma kwenye mpira, kisha kuzungusha chujio kidogo kabla ya kulivuta, ili mpira mkavu usipasuke. Weka kitambaa chini, kwa sababu lazima yatoke matone. Chujio jipya lina mshale uliochorwa ubavuni, na hapo watu wengi hukosea. Nilimpa bila kusema neno.

Akaligeuzageuza. “Huu mushale unasonta wapi?”

“Unafikiri nini?”

“Darasa tena,” akasema. Lakini akafuata mpira kwa kidole, kuanzia tangi, chini ya gari, mpaka mbele. “Mafuta inatoka kule, inakuya huku. Mushale uangalie motere.”

“Njo vile.”

Alilichomeka, mshale kuelekea injini, akarudisha vibanio, akavuta kila upande kuona kama vinashika. Sikumwambia avute, alivuta mwenyewe.

Kwenye plagi nilimpa sheria moja tu: chomoa waya mmoja, toa plagi moja, weka mpya, rudisha waya, ndipo uende kwa inayofuata. Ukichomoa waya zote nne kwa pamoja utasahau upi ni wa plagi ipi, na injini itawaka kwa zamu isiyo yake, au isiwake kabisa. Kabla ya kutoa plagi, puliza vumbi lililozunguka shimo, lisianguke ndani. Shika waya kwenye kofia yake ya mpira, usiuvute kwa mkia. Aliyafanya hayo. Plagi ya kwanza ilikuwa ngumu, imekaa pale miaka, na aliegemea spana kwa uzito wake wote mpaka ikalia na kulegea.

“Angalia mudomo yake, uniambie unaona nini.”

“Nyeusi. Imelowana. Inanuka ile kitu yangu.”

“Ile kitu yetu.”

Aliipanga juu ya gunia, na baadaye nyingine kwa mpangilio zilivyotoka, jambo ambalo pia sikuwa nimemwambia.

Mdomoni mwa plagi, hata mpya, kuna nafasi ndogo ambapo cheche huruka. Fundi mwenye vifaa huipima kwa kipimo chake. Kwetu tunatumia kipande cha bamba la msumeno wa chuma: kinapaswa kupita kwa kugusa, bila kulazimishwa na bila kucheza. Mimi pale niliona ukungu tu. Dada, ambaye amerekebisha nyavu tangu utoto, alikiweka mara moja, akasema mbili ziko sawa, ya tatu imebana, ya nne iko wazi mno. Akaipanua kidogo ile ya tatu, akagonga ile ya nne taratibu juu ya ubao, mpaka zote zikakaa sawa.

Kisha kuziweka, moja moja kwa sheria ile. Plagi huanzwa kwa vidole, si kwa spana. Vidole vitakuambia kama imeshika njia yake. Mbili za kwanza ziliingia. Ya tatu ilizunguka nusu, ikasimama, na nikaona mkono wake unaenda kwa spana.

“Hapana, yaya. Acha.”

“Imekataa.”

“Imekuambia kitu. Ukiilazimisha utaharibu uzi wa shimo, ile mikato inayoishika, na hapo tutakuwa tumemaliza kweli. Irudishe nyuma mpaka usikie kama imeanguka kidogo, ndiyo uanze.”

Akairudisha nyuma, akafumba macho. Akakaa hivyo, kichwa kimeinama juu ya injini, muda ambao ningeweza kusoma majina ya nusu darasa. Kisha vidole vyake vikaanza kuzunguka, mara moja, mara mbili, mara tano, bila kukwama.

“Imekubali,” akasema kwa sauti ndogo.

“Sasa spana. Ikifika mwisho, ongeza nusu ya mzunguko, basi. Usiiadhibu.”

Tulipomaliza tulirudisha nati ya tangi, tukamimina esanse mpya, ambayo tulikuwa tumekwenda pamoja kuinunua kwenye kituo cha mafuta, na waya wa betri ukarudi mahali pake. Nilipapasa mipira yote nikitafuta unyevu. Kavu. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu tangu jana. Nilisimama pale nikijifuta mikono zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitamwomba. Angesema hapana, gari lingekuwa zima na sisi tungekuwa bila dereva, na hilo lingekuwa jambo letu la kubeba.

“Funguo iko wapi?” akauliza.

Nikampa.

Mara ya kwanza injini ilizunguka tu. Nilimwambia angoje kidogo, mafuta yalikuwa bado yanajaza chujio. Mara ya pili ilikohoa. Mara ya tatu iliwaka, ikatoa wingu la moshi mweupe lililofika kwa majirani, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba tunafukiza mbu wa Nchelenge nzima. Moshi ukapungua. Injini ikatulia, ikawa na mlio mmoja, wenye mapigo yaliyo sawa. Dada hakutoka ndani. Alisikiliza, mkono juu ya gia.

“Kesho saa ngapi?” akasema.

Alhamisi tulifika mapema karibu na ofisi za halmashauri, ambapo mkaguzi alikuwa amepanga watu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya jua, na alisema Kibemba na Kiingereza tu. Hili lilinipa hofu kuliko injini. Dada ana Kibemba cha sokoni, cha bei na ukubwa wa samaki. Nilimfundisha kulia na kushoto, simama na geuka, lakini nilijua sasa jinsi neno moja linavyoweza kumpeleka mtu mbali. Mkaguzi alizunguka gari, akaangalia taa, akabonyeza honi, akaingia. Mimi niliambiwa ningoje.

Wengine waliotangulia walichukua muda mfupi. Dada alichelewa. Nilimaliza karanga zote nilizonunua. Mabasi mawili ya Mansa yalijaa yakaondoka. Nilijaribu kusikiliza mlio wa gari letu kati ya mengine, na mara mbili nilidhani limezimika barabarani.

Hatimaye likaja, polepole, likaegeshwa vizuri kati ya mistari. Mkaguzi akatoka akicheka, akaja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyejua Kibemba.

“Huyu ni nani wako?” akaniuliza.

“Dada yangu mkubwa.”

“Kila nikimwambia kitu, anasimamisha gari kwanza pembeni. Ananionyesha mkono huu, anauliza, ‘Kulyo?’ Nasema ndiyo, kulia. Ananionyesha barabara kwa kidole. Nasema ndiyo, hiyo. Ndipo anakwenda. Nilimwambia arudi nyuma, akatoka kabisa ndani ya gari, akaenda kusimama pale nyuma na kunionyesha chini kwa mguu: hapa? Nina miaka mingi katika kazi hii, sijawahi kuchoka hivi.”

Nikaanza kumwombea radhi. Akanikatiza kwa mkono.

“Hajakosea kitu hata kimoja,” akasema, na akaandika kwenye karatasi juu ya boneti, palipokuwa bado na joto.

Dada alikuwa bado kwenye usukani, akimtazama akiandika. Hakuelewa tulichosema. Nilipomwendea dirishani na ile karatasi aliniuliza kwa macho tu, na mimi nikamweleza neno kwa neno, kwa Kiswahili cha kwetu, kwamba amepita. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Akashuka, akaenda mbele, akabandua ile L. Akaenda nyuma, akabandua ya pili. Kisha akanifungulia mlango wa abiria.

“Panda, mudogo yangu,” akasema. “Samaki banangoja.”